Mazungumzo ya Safari: Kutoka Kisaju Kwenda Kuwatazama Wanyama wa Amboseli



Kuna swali moja ambalo watu wa Kisaju wana haki ya kuliuliza. Mtu ambaye fisi amemlia mbuzi wake usiku, kwa nini atoe fedha zake mchana kwenda kumtazama fisi? Swali hili si la mzaha, wala halifai kujibiwa kwa kicheko. Litajibiwa katika mazungumzo haya. Lakini kwanza yafaa msafiri aelezwe jinsi ya kwenda na kurudi salama, kwa maana jibu lenyewe linamngojea mwisho wa njia.

Kisaju iko kando ya barabara kuu ya Namanga, kati ya Kitengela na Isinya. Motokaa za watalii hupita hapo zikielekea kusini, zimejaa watu waliotoka Ulaya, Marekani na Asia, ambao wengine wao walijinyima kwa miaka kadhaa ili waione nchi hii mara moja tu. Watoto wa Kisaju huwapungia mkono, kisha huendelea na michezo yao. Lakini wako watu wazima wengi katika wilaya hiyo hiyo ambao hawajapata kuingia katika mbuga ya wanyama hata siku moja, ingawa mtu akitoka alfajiri aweza kufika kabla ya adhuhuri. Mazungumzo haya ni kwa ajili yao, na kwa ajili ya ndugu zao wa mijini wanaotaka kuandamana nao.

MAJIRA YA KUSAFIRI

Jambo la kwanza ni kuchagua majira. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na mvua za vuli huanza Oktoba au Novemba mpaka Desemba. Katika miezi hiyo nyasi huwa ndefu, wanyama hutawanyika mbali, na udongo mweusi hushika magurudumu kama gundi. Ziwa Amboseli lenyewe, ambalo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni uwanja mkavu wa vumbi jeupe, huweza kujaa maji, na dereva asiyejua huenda akazama na gari lake.

Miezi ya kiangazi, yaani Januari na Februari, na tena Juni hadi Oktoba, ndiyo inayofaa zaidi. Wakati huo ndovu, nyumbu na punda milia hukusanyika karibu na vinamasi, na mtazamaji hahitaji kuhangaika kuwatafuta. Maji ya vinamasi hivyo hayatoki mbinguni moja kwa moja. Hutoka katika mlima Kilimanjaro, yakapita chini ya ardhi, kisha yakachomoza katikati ya nchi kavu. Mlima huo uko Tanzania, na kilele chake chenye urefu wa meta 5,895 huonekana vizuri asubuhi na mapema au jioni, kabla mawingu hayajaufunika. Msafiri anayeamka saa mbili hujinyima mwenyewe.

VITU VYA KUCHUKUA

Asubuhi ya Amboseli ni ya baridi na mchana wake ni wa jua kali. Kwa hiyo yafaa kuchukua sweta, kofia, na maji ya kunywa ya kutosha kila mtu katika gari. Chandarua ni lazima kwa mwenye kulala huko, kwa kuwa mbu hawajui nani ni mgeni na nani ni mwenyeji. Mtu anayetoka nyanda za juu zenye baridi, ambako malaria ni haba, asijidanganye kwamba mwili wake una nguvu za kuishinda. Na amwone mganga wa hospitali kabla ya kuondoka ili apewe shauri.

Darubini moja yatosha watu wanne wakipokezana. Ikiwa haipo, macho ya vijana wachungaji huona mbali kuliko darubini nyingi.

Raia wa Kenya asisahau kitambulisho chake, kwa maana ada ya raia ni ndogo kuliko ya mgeni wa nchi nyingine, nayo hutozwa kwa yule anayeonyesha ushahidi. Malipo ya mbuga za taifa hayapokewi kwa fedha taslimu mlangoni. Hulipwa kwa njia ya simu au kwa kadi. Ada hubadilishwa mara kwa mara, basi yafaa kuulizia kiasi chake kabla ya kufunga mizigo. Wako watu waliofika mlangoni na noti mfukoni, na simu isiyo na salio, wakabaki wakitazama vumbi la magari ya wenzao.

Mifuko ya plastiki ibaki nyumbani. Imekatazwa nchini Kenya tangu Agosti 2017. Tena tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za maji za plastiki, sahani na vijiko vya kutumiwa mara moja na kutupwa havirusiwi ndani ya mbuga za taifa. Maji yatiwe katika chupa ya bati au kibuyu, kama walivyofanya wazee.

Kwa wasio na motokaa, neno ni moja: kuchanga. Basi na matatu hufika Kajiado, Namanga na Loitokitok, lakini hakuna ruhusa ya kutembea kwa miguu mbugani kati ya wanyama. Kikundi cha akina mama, waimbaji wa kanisa, au walimu na wanafunzi wao waweza kukodi gari moja na kugawana gharama. Haba na haba hujaza kibaba. Shule na zitume barua mapema, ili zijue ada ya wanafunzi na masharti yake.

NJIANI

Kutoka Kisaju msafiri hupita Isinya, kisha mji wa Kajiado, kisha Bissil, mpaka Namanga. Njia yote hiyo ni ya lami. Kutoka Namanga hukata kushoto kuelekea lango la Meshanani, na hapo lami humalizika. Hufuata njia ya vumbi na mawe inayotikisa gari na watu. Wenye kuipenda njia iliyo laini zaidi hupitia Emali, katika barabara ya Mombasa, wakashuka kwa lami mpaka Kimana. Kila njia ina faida yake, lakini katika zote mbili gurudumu la akiba na jeki ni vitu vya lazima.

Dereva asisafiri usiku kama aweza kuepuka. Katika nyanda za Kaputiei ng'ombe, punda, na hata punda milia huvuka barabara gizani, na taa za gari huwafanya wasimame badala ya kukimbia. Mnyama aliyegongwa ni hasara ya mwenyewe, na gari lililogonga ni hasara ya dereva. Na mara nyingine watoto hubaki yatima kwa sababu ya haraka ya nusu saa.

NDANI YA MBUGA

Milango ya mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na jioni wageni wasiolala humo hutakiwa kuwa wametoka. Gari na lifuate njia iliyotengenezwa, wala lisikate majanini. Alama ya gurudumu moja katika udongo ule mwepesi hukaa muda mrefu, na magari kumi yakiifuata huwa njia mpya, na nyasi hazioti tena.

Msafiri asishuke garini isipokuwa mahali palipoonyeshwa, kama vile kile kilima cha kutazamia, ambapo watu hupanda kwa miguu na kuyaona maji ya vinamasi chini yao. Asipige honi, asipige kelele, wala asimtupie mnyama chakula. Nyani aliyelishwa leo na mgeni mwenye huruma ataingia kesho katika jiko la mtu kwa nguvu, na mwisho wake ni risasi. Huruma ya namna hiyo ni ukatili.

Ndovu ahesabiwe kuwa mwenye nyumba. Akitanua masikio, akatikisa kichwa na kugeuka uso kwa uso na gari, anasema kwa lugha yake kwamba mgeni amekaribia mno. Dereva mwenye busara hurudi nyuma polepole. Wala gari lisiingie kamwe kati ya mama na mtoto wake. Ndovu huchukua mimba kwa miezi 22, na mama aliyengoja muda huo wote hana mzaha.

Ndovu wa Amboseli wanajulikana duniani kote. Tangu mwaka 1972, Cynthia Moss na wenzake wamekuwa wakiwaandika mmoja mmoja, kwa majina na kwa jamaa zao, wakitambua kila mmoja kwa umbo la masikio yake. Katika kazi hiyo imeonekana kwamba kila jamaa huongozwa na jike mkubwa kwa umri, na kwamba wakati wa ukame kumbukumbu yake ya mahali penye maji huwasaidia walio wadogo. Mmasai akiyasikia hayo hashangai. Naye ameona wazee wakiulizwa njia ya malisho mwaka wa njaa.

Jambo moja zaidi. Katika lile ziwa kavu, adhuhuri, msafiri huona maji yanayometameta na wanyama wanaotembea juu yake. Hayo si maji, ni mazigazi. Dereva asiyafuate.

ADABU KWA WENYEJI

Mnyama haombwi ruhusa kabla ya kupigwa picha, lakini mtu huombwa. Ni jambo la aibu kwamba baadhi ya wageni, wa ng'ambo na wa miji yetu pia, hufungua dirisha la gari na kumpiga picha mama aliyebeba kuni kana kwamba ni sehemu ya pori. Na ashuke, amwamkie, aulize. Akikataliwa, ashukuru na kwenda zake.

Akialikwa katika boma, wapatane kwanza juu ya malipo, na yafaa aulize fedha hizo humfikia nani. Ushanga ununuliwe kwa mama aliyeutunga, ikiwezekana. Watoto wasitupiwe peremende wala sarafu kutoka garini. Mtoto anayefundishwa kukimbilia magari huacha shule ili ayakimbilie.

WANAOVUKA MPAKA

Wako watakaopenda kuendelea mpaka Arusha na kuona mbuga za Tanzania. Tangu Desemba 2018 maafisa wa Kenya na wa Tanzania hukaa pamoja Namanga katika kituo kimoja, hivyo msafiri hashughulikiwi mara mbili mahali mbalimbali. Lakini urahisi huo haufuti hati. Pasipoti, au hati nyingine ya kusafiria inayokubaliwa, iwe mkononi, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo ikichanjwa mara moja, cheti chake hudumu maisha yote. Mwenye gari achukue kitabu cha gari na bima inayokubaliwa ng'ambo. Fedha zibadilishwe benki au katika duka lenye leseni, si kwa kijana anayekimbilia dirisha la gari. Tanzania nayo ilikataza mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019.

JIBU LA SWALI

Sasa yafaa kulirudia lile swali la mwanzo. Kwa nini mtu aliyeliwa mbuzi alipe fedha kumtazama aliyemla?

Kwanza, hakuna sababu ya kuficha hasara yake. Mwezi wa Juni 2012 simba sita waliuawa karibu na Kitengela baada ya kuingia katika zizi na kuua mbuzi. Mwezi wa Mei 2023 simba wengine sita waliuawa kwa siku moja huko Mbirikani, karibu na Amboseli, kwa sababu hiyo hiyo. Na katika juma hilo aliuawa kwa mkuki Loonkiito, simba wa miaka 19, mmoja wa simba wazee kuliko wote waliojulikana nchini. Dunia nzima iliwalilia simba hao. Wachache waliuliza habari za mbuzi, na karo ya shule iliyokuwa imesimama juu ya miguu ya mbuzi hao.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 yasema kwamba familia ya mtu aliyeuawa na mnyama wa porini italipwa shilingi milioni tano, na mwenye mifugo iliyouawa ana haki ya kudai thamani yake. Madai hupelekwa kwa kamati ya kaunti. Ni kweli kwamba watu wengi wamengoja fidia kwa miaka, na manung'uniko yao ni ya haki. Lakini asiyeandikisha hasara yake hawezi hata kungoja. Mwenye mifugo na atoe habari mara moja, apige picha ya mzoga na nyayo, na ahifadhi karatasi zake. Tena sheria hiyo haimpi fidia mtu ambaye hakufanya juhudi ya kulinda mali yake. Zizi na liwe imara. Kijana Richard Turere, aliyekulia kando ya Mbuga ya Nairobi, alipokuwa mtoto wa miaka 11 alitengeneza taa zinazowaka na kuzimika kwa zamu kuzunguka zizi la baba yake, na simba wakadhani kuna mtu anayetembea na tochi. Wengi wameiga taa hizo.

Pili, mbuga na nyumba ya mtu wa Kisaju si mambo mawili yaliyo mbalimbali. Mbuga ya Amboseli ina eneo la kilometa 392 za mraba tu. Mvua inyeshapo wanyama wake wengi hutoka nje, wakala nyasi katika ardhi za watu. Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ni ndogo zaidi, kilometa 117 za mraba. Imezungushiwa ua pande tatu, na upande wa kusini uko wazi. Kupitia upande huo nyumbu na punda milia walikuwa wakishuka kwa maelfu mpaka nyanda za Kitengela na Kisaju wakati wa mvua, kisha wakarudi kiangazi. Leo nyumbu wamebaki wachache sana. Ardhi ya pamoja iligawanywa, viwanja vikauzwa, na nyaya, machimbo na nyumba zikafunga njia.

Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, ili waiache wazi kwa mifugo na wanyama pamoja. Malipo yaligawanywa mara tatu, wakati wa kufunguliwa shule, na wazazi wengi walilipa karo kwa fedha hizo. Mpango huo ulionyesha kwamba mwenye ardhi aweza kuwa mshirika. Ulionyesha pia kwamba bei ya kiwanja ina sauti kubwa kuliko shilingi 300.

Tatu, kuna habari ya Amboseli yenyewe. Ilifanywa hifadhi mwaka 1948, ikawekwa chini ya baraza la Kajiado mwaka 1961, kisha ikawa mbuga ya taifa mwaka 1974. Kabla ya hapo Wamasai walinywesha ng'ombe zao katika vile vinamasi kila kiangazi. Walipoondolewa waliahidiwa maji mahali pengine, na habari ya maji hayo imezusha manung'uniko mengi. Kwa hiyo mtu wa Kajiado anayeingia mbugani haingii kama mgeni mtupu. Anaingia kutazama mali ambayo wazazi wake waliilipia kwa maji na malisho yao.

Hilo ndilo jibu. Mwenye ardhi katika Kisaju ataulizwa siku moja, kama hajaulizwa bado: Je, utauza? Utazungusha waya? Utaacha wazi? Hakuna mtu mwingine awezaye kumjibia, wala haifai kumlazimisha. Lakini anayejibu akiwa amemjua mnyama gizani tu, katika zizi, ameona nusu ya jambo. Na amwone pia mchana, akiwa na watoto wake kando yake, aone jinsi wageni wa nchi za mbali wanavyomlipia, kisha aulize kwa sauti ni sehemu gani ya malipo hayo inayofika kwake. Swali hilo lina nguvu zaidi kinywani mwa mtu aliyekwenda na kujionea.

Wala asikawie. Katika ukame wa mwaka 2022 Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba walikufa ndovu 205 na nyumbu 512, na pande za Amboseli ziliumia sana. Ng'ombe wa watu walikufa vilevile, wengi mno. Ukame haukuchagua kati ya mali ya Serikali na mali ya mchungaji.

Mwenye uwezo mdogo na aanze na Mbuga ya Nairobi iliyo karibu, kisha mwaka mwingine ajaliwe kwenda Amboseli. Na mtu wa mjini apitapo Kisaju akielekea kusini, asipite kama upepo. Asimame, anywe chai, anunue kitu, awaulize watu habari za mvua na za mifugo yao. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ikiwa mgeni amekuja na mwenyeji hakupona, basi safari hiyo ina kasoro, hata kama picha zake ni nzuri.

Safari njema.